UZI: Naunda modeli ya manowari Trincomalee ya 1817, skeli 1:64. Msaji, mchungwa wa Muheza na kamba za kusokota mwenyewe

MsajiNaMchungwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa nasoma tu humu kwa muda mrefu bila kuandika. Leo nafungua uzi kwa sababu kazi imefika mahali ambapo nahitaji macho ya watu wengine.

Mimi ni seremala, karakana yangu ipo Tanga mjini, natengeneza milango na vitanda. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa, kila nikishafunga karakana nawasha taa ya mezani na kuendelea na modeli ya Trincomalee, merikebu ya kivita ya matanga iliyoshushwa majini Bombay tarehe 12 Oktoba 1817. Iliundwa na mafundi wa Kiparsi wa ukoo wa Wadia, chini ya Jamsetjee Bomanjee Wadia, kwa msaji wa Malabar. Bado inaelea mpaka leo, iko Hartlepool, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Zaidi ya miaka mia mbili juu ya maji! Ndiyo maana niliichagua. Mimi nafanya kazi na msaji kila siku, nikataka kuujua ule mti kwa upande mwingine.

Vipimo kwa ufupi. Sitaha ya mizinga ina urefu wa futi 150 na merikebu ina upana wa futi 40 hivi. Kwa 1:64 napata sm 71 za sitaha na sm 19 za upana, lakini ukiongeza mlingoti wa maji unaotokeza mbele na foromali zake (miti ya kukingama ya matanga), kitu kizima kinakaribia mita moja. Kabla hujachagua skeli pima kwanza meza yako, halafu pima na mlango wa chumba.

Sasa tatizo la kwanza, ambalo lilinipotezea miezi mitatu. Nilisema moyoni: merikebu ya msaji, nami niko Tanga, mashamba ya msaji ya Longuza yako hapo Muheza, basi modeli nayo iwe ya msaji mtupu. Nikapasua mbao za unene wa mm 1.5, nikazibandika ubavu mzima wa kushoto. Nilipomaliza kupiga msasa nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia, nikaona kabati. Nafaka ya msaji ni nene, vinyweleo vyake vinaonekana kwa macho, na kwa 1:64 kila mshipa wa ubao unakuwa mpana kuliko kiganja cha baharia. Jicho linaona kipande cha mbao, halioni merikebu. Tena mafuta ya msaji yalikuwa yameikataa gundi, mbao nne zikainuka omoni (mbele ya merikebu) wiki ya pili. (Kwa wanaobandika msaji: pangusa kwa asetoni dakika chache kabla ya gundi. Hilo nilijua kwenye fanicha, lakini kwa ubao mwembamba nikadhani si lazima.)

Nikabandua upande wote.

Jibu nililipata kwa mkulima wa machungwa hapo hapo Muheza aliyekuwa anang'oa miti mizee. Mti wa mchungwa una nafaka laini sana, mgumu, wa rangi ya manjano hafifu, unakatika kwa wembe bila kuchanika. Nilichukua magogo sita, nikapaka nta kwenye ncha zake yasipasuke, nikayaacha kivulini miezi minane. Ubavu wa sasa ni mchungwa mtupu, nimeupaka rangi ya mafuta ya msaji kidogo tu. Na sasa, wakuu, inafanana na msaji kuliko ule msaji wenyewe ulivyofanana. Msaji halisi niliubakiza mahali pamoja: mkuku, ule mti wa chini kabisa wa merikebu. Hauonekani sana, lakini mimi najua upo.

Kiunzi cha ndani ni plaiwudi ya mm 6, uti mmoja wa katikati na vipande vya kukingama 23. Sitaha ni mchungwa pia, mbao za upana wa mm 4, na ubavuni mwa kila ubao nimepitisha penseli nyeusi kabla ya kubandika ili ule mstari uwe kalafati, ule ujazo wa kuziba mianya ya mbao. Vigingi vya kushikilia mbao ni mianzi niliyoivuta kwenye tundu la bati la chuma mpaka ikafika nusu milimita.

Picha naweka kesho kukiwa na mwanga. Swali langu ni la kamba, nitalileta.

---

KijanaWaMtwara

Mkuu heshima kwako. Niulize tu, mtu anayeanza bila mashine anahitaji nini? Mimi nina kisu na msasa.

---

MsajiNaMchungwa

@KijanaWaMtwara karibu sana. Kisu kizuri, msasa wa namba tofauti, randa ndogo, koleo jembamba la mafundi redio, keekee ya kuzungusha kwa vidole na sindano zake za nusu milimita, na vibanio vya nguo hamsini. Vibanio ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Lakini usianze na manowari. Anza na ngalawa au mashua ya sm 30, ujue ubao unavyopinda.

---

MwanaWaMtepe

Salamu kutoka Lamu. Mimi nimechonga majahazi madogo ya kuuza tangu nikiwa na miaka kumi na mbili, na vyombo vya kweli nimefanya kazi na baba Matondoni.

Mwanangu, kazi yako naiona ni ya mtu mwenye subira. Nataka nikuonyeshe jambo moja ulilolipita haraka. Umesema umeanza na kiunzi kisha ukavisha mbao. Hivyo ndivyo Wazungu walivyounda merikebu zao kubwa: mkuku, hanamu mbele, fashini nyuma, mataruma yote yanasimama kama mbavu za samaki, ndipo mbao zinakuja juu. Sisi kwa desturi yetu mbao hutangulia. Unapandisha mbao kadhaa kutoka mkukuni, umbo unalipata kwa jicho, mataruma unayakata baadaye yafuate mbao. Kwa hiyo kwetu ubao ndio unaoamua umbo, na kwa merikebu yako taruma ndilo linaloamua. Ukikosea taruma moja hapo kwako, ubao utakuambia uongo mpaka mwisho.

Nauliza: omoni umepunguza upana wa mbao? Maana picha nyingi za modeli ninazoziona, mbao zinapofika omoni zinapandana au zinaishia kama ncha ya sindano. Hakuna fundi anayepiga msumari kwenye ncha ya sindano.

---

MsajiNaMchungwa

Mzee wangu shikamoo, na asante. Hapo umegusa pale pale.

Ndiyo, nimepunguza. Mzingo wa ubavu katikati ya merikebu ni mrefu zaidi kuliko omoni, na idadi ya mbao ni ile ile, kwa hiyo kila ubao lazima uwe mwembamba ukielekea mbele. Nilichukua kamba ya karatasi, nikapima kila kipande cha kiunzi kuanzia mkukuni hadi ukingo wa sitaha, nikagawanya kwa idadi ya mbao, nikaweka alama. Ubao wa mm 5 katikati unafika omoni ukiwa na mm 3 hivi. Haupungui chini ya nusu, na pale ambapo ungepungua zaidi nimekatisha ubao mmoja ndani ya mwenzake kwa mkato butu, usiwe na ncha.

Kilichonisumbua zaidi ni ule ubavu unavyorudi ndani ukishapanda juu ya maji. Jahazi letu halina hilo. Ukilikosea, mizinga ya juu inakaa kama imebandikwa ukutani.

---

BandariYaSalama

Kazi nzuri sina shaka nayo, ila nina neno. Meli za kivita za Waingereza ndizo zilizokuja kutuamrisha pwani hii. Kwa nini Mtanzania akeshe mwaka mzima kuunda manowari ya Mwingereza, wakati Sayyid Said alikuwa na merikebu zake hapa hapa Unguja? Unda hizo, watoto wetu wazione.

---

MsajiNaMchungwa

@BandariYaSalama mkuu, swali lako ni la haki na nimelifikiria sana. Naomba unisome mpaka mwisho.

Merikebu kubwa za Sayyid Said zilitoka wapi? Bombay, kule kule. Liverpool yenye mizinga 74 iliundwa Bombay mwaka 1826. Sultana, ile iliyokwenda New York mwaka 1840 na Ahmad bin Na'aman, iliundwa Bombay mwaka 1833. Msaji ni ule ule, na mafundi wa mji ule ule waliorithishana kazi baba kwa mwana. Na Liverpool yenyewe Sayyid Said aliitoa zawadi kwa Mfalme William wa Nne mwaka 1836, Waingereza wakaibadilisha jina ikawa Imaum, ikamalizia maisha yake Jamaica. Ikavunjwa. Sultana nayo haipo.

Trincomalee ipo. Unaweza kupanda juu yake ukaweka kiganja kwenye taruma lililochongwa kwa tezo na fundi wa Bombay. Michoro ya merikebu za aina yake imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya bahari Greenwich. Ndiyo dirisha lililo karibu zaidi nililolipata la kuona mkono wa wale mafundi. Nikishajifunza hapa namna walivyounga msaji, nitakuwa na haki ya kuigusa Sultana.

Na jambo jingine. Bendera ilikuwa ya Mwingereza, umbo lilitokana na manowari ya Kifaransa, Hébé, iliyotekwa mwaka 1782, lakini mikono ilikuwa ya Wahindi. Ile michoro ya kwanza iliyotumwa Bombay ilipotea baharini: ilikuwa ndani ya manowari Java, ambayo Wamarekani wa manowari Constitution waliipiga na kuiteketeza mwishoni mwa 1812 karibu na Brazil. Ikabidi itumwe mingine. Mkuku ukaja kulazwa mwaka 1816. Msaji hauli misumari ya chuma kama mwaloni unavyoila kwa ile asidi yake, na mafuta yake yanazuia kuoza. Ndiyo sababu dada zake wengi wa mwaloni hawapo na huyu yupo. Mimi nikiangalia modeli yangu naona kazi ya Asia ya pwani ya bahari yetu, iliyovaa nguo za mtu mwingine.

Tena hata neno "manowari" tulilipokea kwa mabaharia wa Kiingereza, tukaligeuza likawa letu kabisa.

---

BandariYaSalama

Nimekuelewa mkuu. Hilo la Liverpool kuundwa Bombay sikulijua. Basi Sultana iwe ya pili, umeahidi hapa mbele ya watu.

---

MbongoWaTeesside

Wadau salaam. Mimi naishi huku kaskazini mashariki mwa Uingereza, Hartlepool ni mwendo mfupi kwa treni, na nimeingia kwenye hiyo merikebu mara tatu. Mambo mawili.

La kwanza: ni giza na ni fupi. Sitaha ya chini, walipolala mabaharia, mimi nisiye mrefu natembea nimeinama. Modeli nyingi zinaacha mwanya mkubwa kati ya sitaha, mizinga inaonekana imekaa kwenye ukumbi.

La pili ni muhimu kwako fundi. Amua unaunda mwaka gani. Ile inayoonekana leo si ile iliyotoka Bombay kwa kila kitu. Ilifika Portsmouth mwaka 1819 ikawekwa akiba, ikakaa bila kazi mpaka 1845, ndipo ikabadilishwa: mizinga ikapunguzwa hadi 26 mikubwa zaidi, na tezi (upande wa nyuma wa merikebu) ikaundwa upya ikawa ya mviringo. Mwaka 1897 ikauzwa, na baadaye ikawa chombo cha mafunzo ya vijana kwa jina la Foudroyant. Ililetwa Hartlepool kukarabatiwa mwaka 1987, kazi ikaisha 2001. Ukipiga picha ya tezi ya leo ukaiweka kwenye modeli ya 1817 yenye mizinga 46, umechanganya babu na mjukuu.

---

MsajiNaMchungwa

@MbongoWaTeesside umeniokoa, maana nimeona modeli zenye kosa hilo hilo. Nimeshaamua: yangu ni ya 1817, tezi bapa yenye madirisha, mizinga 46. Sitaha kuu mizinga 28 ya ratili 18 (ndio uzito wa tufe lake), na juu nyuma na mbele mizinga ya ratili 9 pamoja na ile mifupi minene ya ratili 32. Mzinga wa ratili 18 una urefu wa kati ya futi 8 na 9, kwangu ni kama sm 4. Nimeichonga kwa mpingo. Sikupaka rangi, nimeisugua kwa risasi ya penseli ya unga na kitambaa, ikatoa mng'ao wa chuma baridi ambao rangi haiutoi.

Sanamu ya omoni, yule mtu mwenye kilemba, imenichukua siku kumi na moja. Ina urefu wa kidole gumba. Uso nilichonga mara nne.

Shaba ya chini ya maji: bamba halisi lilikuwa futi 4 kwa inchi 14, kwa 1:64 ni mm 19 kwa mm 5.6. Natumia mkanda wa shaba wenye gundi wanaoutumia mafundi wa vioo vya rangi, niliuagiza nje. Sijaweka alama za misumari. Msumari wa bamba ukiugawa kwa 64 hauonekani, na modeli nyingi zinaharibikia hapo, zinakuwa kama ngozi ya mamba. Shaba nimeiacha ijichafue yenyewe kwa hewa ya Tanga. Imeshaanza kuwa ya kahawia na imependeza sana.

Sasa kamba. Kwenye michoro na majedwali ya zamani kamba inatajwa kwa mzingo, haitajwi kwa unene. Kamba ya "inchi 8" ina kipenyo cha mm 65 hivi, modeli inataka mm 1. Mtu akidhani inchi 8 ni unene, ataweka kamba ya mm 3 na mlingoti utaonekana umefungwa na chatu. Nimetengeneza kinu kidogo chenye ndoano tatu upande mmoja na moja upande wa pili, mota ya cherehani inazungusha. Nasokota nyuzi tatu za pamba. Lakini kamba inatoka na mshazari wa upande usio sahihi. Kamba nyingi za merikebu zina mshazari kama wa katikati ya herufi Z. Yangu inatoka kinyume. Nikigeuza mota, uzi unafunguka wote. Nimekwama wiki tatu.

---

SindanoNaUzi

Habari zenu. Mimi si mtu wa modeli, ni fundi cherehani Unguja, mume wangu kanionyesha uzi huu akasema wewe unajua nyuzi.

Kaka, tatizo haliko kwenye mota, liko kwenye uzi ulionunua. Uzi wa cherehani karibu wote unasokotwa mara ya mwisho kwa mshazari wa Z, kwa sababu ndoano ya cherehani ingeufungua kama ungekuwa wa upande mwingine. Ukichukua nyuzi tatu za Z ukazisokota pamoja, zikashikana bila kufunguka, kamba lazima itoke S. Hakuna njia nyingine. Ufanye hatua mbili: kwanza sokota nyuzi mbili au tatu za Z upate kijikamba cha S. Fanya vitatu. Kisha visokote hivyo vitatu, itatoka Z. Anza na uzi mwembamba kabisa maana utanenepa.

Au tafuta uzi wa kudarizi wa rayoni. Fungua ncha uone umeelekea wapi. Mwingine ni wa S tayari.

---

MsajiNaMchungwa

Dada yangu, Mungu akubariki. Nimejaribu usiku huu huu. Hatua mbili, uzi mwembamba, imetoka Z safi, mm 1 kamili. Nimeiangalia kwa lenzi nusu saa nzima.

Na ile iliyotoka S haitupwi: amari ya nanga na kamba nene za kuvuta milingoti kwa mbele zilikuwa kamba tatu za Z zilizosokotwa tena pamoja, kwa hiyo kwa nje zinaonekana S. Nitaipeleka huko.

---

MwanaWaMtepe

Yule binti wa Unguja amesema kweli tupu. Makumbi ya nazi tunayasokota vivyo hivyo, upande mmoja kwa paja, upande wa pili kwa pamoja.

Mwanangu, pamba itakusumbua kwa jambo jingine. Wewe uko pwani. Uzi wa pamba unapokunywa unyevu unanenepa na kujikaza, unakuwa mfupi, na ukikauka unalegea. Ukifunga kamba zako sasa hivi kaskazi kukiwa kukavu, masika yakiingia zitakaza na kuipindisha milingoti yako membamba ya juu. Ukifunga masika, kaskazi zitaning'inia kama kamba za kuanikia. Majahazi yangu ya kuuza nilishayaona yakirudi na mlingoti umevunjika bila mtu kugusa.

Zile zinazoshikilia mlingoti tumia poliesta. Zipitishe kwenye nta kwanza. Pamba iweke kwenye henza (kamba ya kupandishia tanga) na kamba za tanga ambazo hazijakazwa.

---

MsajiNaMchungwa

Mzee, nimebandika maneno yako ukutani karakana. Nilikuwa nimeshafunga upande mmoja wa mlingoti wa mbele kwa pamba. Naufungua kesho.

Kwa wanaofuatilia, zile ngazi za kamba za kupandia mlingotini zilikuwa na nafasi ya inchi 13 hivi kati ya kamba na kamba, yaani mm 5 kwangu. Naweka karatasi yenye mistari nyuma ya kamba za mlingoti na kufunga kila fundo moja moja kwa koleo. Fundo la katikati lisivutwe, la sivyo kamba zote zinabanwa kiunoni na merikebu inaonekana imekonda. Nimefika fundo la 340.

---

KijanaWaMtwara

Nimeanza mashua ya sm 30. Ubao wa kwanza umevunjika.

---

MsajiNaMchungwa

Loweka kwenye maji ya moto dakika ishirini, kisha upinde taratibu kwenye kopo lenye moto ndani. Ubao ukitoa moshi umezidisha. Tuma picha.

---

MbongoWaTeesside

Fundi, Jumamosi nakwenda tena Hartlepool na wanangu. Nikupimie nini?

---

MsajiNaMchungwa

Nipimie kimo cha dirisha la mzinga kutoka sitahani, sehemu tatu: mbele, katikati na nyuma. Piga picha ya pembe ya taruma linapokutana na boriti ya sitaha, kwa karibu, weka sarafu pembeni nijue ukubwa. Na kama kuna mahali ule msaji wa zamani umeachwa bila rangi, chukua picha ya nafaka yake kwenye mwanga wa kawaida. Wanao waambie waguse kwa mkono.

---

SindanoNaUzi

Na mimi nataka kuona picha ya kamba iliyokamilika. Kwa karibu sana, kwa lenzi.